Tulivyoifuata Yakuti ya Bi Mwanaidi Hadi Tunduru

Wanakwaya wenzangu, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Wa sauti ya kwanza mmesikia habari ya barabara kukatika, wa sauti ya pili mmesikia nusu ya habari ya polisi, na Mama Mchungaji mpaka leo anadhani nilikwenda msibani. Basi naandika yote mara moja, nipumzike. Habari ya tiketi na ya kuomba ruhusa nyumbani naivuka, haina utamu.

Mtoni, kabla ya kuondoka

Kibanda changu cha usonara mnakijua, pale Mtoni, nyuma ya wauza vitenge. Ijumaa ile alikuja Bi Mwanaidi, mama mtu mzima anayekaanga samaki Kunduchi, pale wanaposhushia wavuvi. Alikuwa ameletwa na jirani yangu. Akavua pete, akaniwekea mezani.

"Mwanangu, nitengenezee hii. Jumamosi ijayo binti yangu Saumu anaolewa, na asubuhi ya harusi lazima nimvishe. Mama yangu alinivisha mie, na mie namvisha yeye."

Jamani, mie mawe nimeyashika miaka kumi na miwili, lakini ile ilikuwa yakuti samawi ya kumfanya mtu avute kiti. Yakuti nzuri unaihisi kabla ya kuiona, maana inakuwa baridi kidoleni hata mchana wa joto la Dar. Na ni ngumu. Katika mawe ya vito ni almasi tu inayoishinda. Dhahabu ya pete ile ilikuwa imelika na kuwa nyembamba kama ukucha, kwa miaka yote ya kupara samaki na kusugua masufuria, lakini jiwe lenyewe halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Uso wake ulikuwa kama umekatwa juzi.

"Huyu anaitwa Yakuti," Bi Mwanaidi akaniambia, kama anayemtambulisha mtu. "Mama alimtoa kwao Tunduru. Mchana alikuwa wa samawi, usiku mama akiwasha koroboi anageuka zambarau. Sie watoto tulikuwa tunagombania kumtazama. Siku mama alipofariki akaacha kugeuka. Alinuna."

Nikaitikia kwa kichwa, kama tunavyowaitikia wazee. Moyoni nikasema, bibi huyu na hadithi zake.

Siku ile nilikuwa na kazi tatu za watu. Sheria ya fundi ni kulitoa jiwe kabla ya kuupitisha moto. Mie sikulitoa. Nikalifunika kwa kitambaa chenye maji, nikaunga dhahabu haraka haraka, nikaitumbukiza pete kwenye bakuli la maji ipoe. Nikasikia *tak*.

Mnajua kijiti cha kiberiti kinavyovunjika? Sauti yake ni hiyohiyo. Yakuti ilikuwa imegawanyika vipande viwili.

Bi Mwanaidi alipokuja jioni nilimwambia jambo ambalo lilikuwa nusu kweli: "Bibi, jiwe lilikuwa na ufa wa zamani kwa ndani." Ufa ulikuwepo kweli, mdogo kama unywele. Habari ya haraka na ya moto sikuitamka. Akavishika vile vipande kiganjani muda mrefu. Nilitegemea kelele, au machozi.

"Basi tutakwenda kulekule alikotoka," akasema. "Wewe unayajua mawe, mie naijua rangi. Jumatatu."

Mbagala hadi Somanga

Tuliondoka Mbagala kabla jua halijachomoza. Yeye alikuwa na kikapu cha samaki wakavu wa zawadi, na vipande vya yakuti kavifunga kwenye pindo la khanga. Mie nilikuwa na lenzi yangu ya kukagulia mawe na roho iliyochafuka.

Lakini sitasema uongo, nilikuwa na furaha pia! Mie mtu wa Karagwe, nimeishi Dar miaka yote hii, na kusini sikuwahi kuvuka Mkuranga. Mawe ya Tunduru nilikuwa nayaonaga yakiwa yameshakatwa na kung'arishwa, mikononi mwa wachuuzi wa mjini, na kila mara nilijiuliza yanafananaje yakiwa kwao. Tulipovuka Kibiti, kisha Ikwiriri, kisha daraja la Rufiji na maji yake mapana ya rangi ya chai ya maziwa, nilikuwa nimegandisha uso dirishani kama mwanafunzi.

Kabla ya kufika Somanga basi likasimama. Mbele yetu malori yalikuwa yamepanga foleni ambayo mwisho wake hatukuuona. Konda akashuka kuulizia, akarudi na uso mrefu.

"Mvua imekula kalavati. Wanajaza mawe. Tutangoja saa nne, saa tano hivi."

Abiria wote tukashuka, tukatembea mpaka kwenye vibanda vya samaki, maana Somanga ni samaki. Bi Mwanaidi akasimama mbele ya kibanda cha kwanza, akamshika changu mmoja mkiani, akamnusa.

"Huyu kakaangwa jana, na leo karudishwa kwenye mafuta."

Mwenye kibanda akaweka mikono kiunoni. "Mama, umetoka wapi wewe kuja kunifundisha samaki?"

"Kunduchi. Miaka thelathini na nane kwenye karai."

Basi wakashindana maneno mpaka watu wakajaa. Mwisho yule mama akasema, haya, jiko hilo, kaanga mwenyewe tuone. Na Bi Mwanaidi akakunja mikono ya gauni! Akachagua wabichi, akawakata mistari mbavuni, akawasugua kwa ndimu, kitunguu saumu na chumvi, akasubiri mafuta mpaka yalipotulia kabisa ndipo akawashusha. Abiria wa mabasi matatu walikula mapishi yake siku ile. Mwenye kibanda mwenyewe alikula wawili, akamuuliza habari ya ndimu.

Tukakaa kwenye benchi, kila mmoja na samaki wake na muhogo. Alikuwa na furaha, uso unang'aa mafuta. Akanimegea kipande cha tumboni, kile kitamu, akaniwekea kwenye sahani.

"Kula, mwanangu. Umeacha kazi zako kwa ajili yangu, na kosa si lako."

Nikakiacha kile kipande kwenye sahani.

"Bibi," nikasema, "kosa ni langu. Ufa ulikuwepo, lakini usingepasuka. Sikulitoa jiwe kwenye pete. Nilikuwa na haraka. Nikalipiga moto, kisha nikalitia kwenye maji lingali na joto. Nilikuficha."

Akaacha kutafuna. Akanitazama, akaitazama sahani yake, akala mpaka akamaliza, taratibu, mwiba mmoja mmoja. Akanawa mikono. Tulipoitwa kurudi kwenye basi hakuja kukaa kwenye siti yetu. Akaenda mbele, akakaa karibu na mzee mmoja mwenye miwani, akanipa mgongo.

Somanga hadi Masasi

Tulivuka lile kalavati kwa mwendo wa konokono, na mie peke yangu na kikapu cha samaki wakavu pajani. Nilikuwa najiambia, Tekla, umekwisha. Mama mtu mzima umemtoa kwake, na bado umemvunja moyo njiani.

Baada ya muda nikaona watu wanageuka kunitazama. Kwanza mmoja, kisha safu nzima. Nikasikia, "Ndiye yule mwenye kitenge cha njano." Mama mmoja mwenye mtoto akamvuta mwanawe upande wa pili. Bi Mwanaidi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo.

Yule mzee mwenye miwani akasimama, akashika chuma cha siti, akakohoa. Alikuwa mwalimu, ungemjua hata gizani.

"Dada, samahani. Mimi naitwa Mwalimu Komba. Huyu mama amenieleza mambo mazito, nami siwezi kunyamaza. Ni kweli ulimchoma Yakuti kwa moto?"

Nikainamisha kichwa. Nilidhani Bi Mwanaidi ameamua kunishtaki mbele ya kadamnasi, na niliona ana haki.

"Ni kweli, mwalimu. Nilikuwa na haraka. Sikudhamiria."

Basi zima likaguna.

"Na baada ya moto ukamtumbukiza kwenye maji?"

"Ndiyo."

"Akapasuka?"

"Vipande viwili."

Mama mmoja akapiga yowe. Kijana mmoja akasema, "Na anavyoongea bila aibu!" Konda akapiga bodi kwa kiganja. "Dereva, Nangurukuru simama polisi!"

Hapo nikachanganyikiwa. Polisi kwa jiwe? "Jamani," nikasema, "nimeshakubali kosa! Nitamlipa bibi, nitamtafutia mwingine!"

"Mwingine!" Mwalimu Komba alitetemeka kabisa. "Binadamu anatafutiwa mwingine?"

Kelele zikamwamsha Bi Mwanaidi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Kuna nini? Tumefika?"

"Tulia, bibi," mwalimu akamwambia kwa upole. "Tunampeleka polisi huyu aliyemuua Yakuti wako."

Bi Mwanaidi akamkazia macho. Kisha akashika pindo la khanga, akafungua fundo, akanyoosha kiganja. Vipande viwili vya buluu vikawaka kwenye jua la dirishani.

"Yakuti ndiye huyu," akasema.

Halafu kijana wa nyuma akaanza kucheka, na basi zima likapasuka. Konda alikaa chini kwenye ngazi ya mlango akishika mbavu. Mama aliyepiga yowe alilia machozi ya kicheko. Mwalimu Komba tu ndiye aliyebaki amesimama, amevua miwani.

"Lakini bibi! Ungesema yakuti *imepasuka*, tungejua ni kitu. Umesema Yakuti *amepasuka*, umetuletea maiti ndani ya basi!"

"Kwetu hajawahi kuwa kitu," akajibu Bi Mwanaidi.

Vile vipande vikapita mkono kwa mkono, siti kwa siti. Kila mtu akaviinua kwenye mwanga. Nikawapa na lenzi, nikawaonyesha nyuzi nyembamba zilizolala ndani ya jiwe kama hariri, ambazo ardhi yenyewe inazisuka na hakuna fundi anayeziweza. Yule kijana akaweka jicho kwenye lenzi, akasema, "Duh! Sista, humu ndani kuna bahari." Dereva naye akataka kuona, tukamkatalia mpaka asimame. Vilirudi vyote viwili, hakuna aliyethubutu kufanya mchezo.

Bi Mwanaidi alikuwa amecheka mpaka mtandio ukamdondoka. Alipotulia akapiga siti ya pembeni yake kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa. Sijakusamehe. Ila mwalimu anaongea mno."

Masasi hadi Tunduru

Kwa ule ucheleweshwaji tulilazimika kulala Masasi, na Jumanne tukaondoka na basi la asubuhi, sie wawili na Mwalimu Komba, ambaye alikuwa anarudi nyumbani kwake Tunduru kutoka kwa mwanawe wa Dar. Alituona kama deni la heshima. Alitununulia korosho za kuchoma, kila kituo akashuka kutuletea kitu, mayai, mahindi, ndizi, na kila alipotukabidhi aliomba radhi upya. "Dada Tekla, karibu nikufunge jela." Nami, "Yameisha, mwalimu." Kituo kinachofuata, anaanza tena.

Barabara ile ni nzuri, ya lami, vilima vya mawe vimesimama peke yake porini kama vilivyosahauliwa. Bi Mwanaidi alikuwa anavitazama dirishani. Kisha, bila kunitazama, akasema:

"Siku tatu ulikuwa unanitazama usoni."

"Ndiyo, bibi."

"Ulikuwa unalala?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema, akanipa korosho.

Tunduru

Jamani, nianzie wapi? Fikirini mtu aliyeuza vitambaa maisha yake yote, ghafla anaingizwa shambani pamba imechanua.

Mawe pale yanauzwa barazani, kwenye viti vya plastiki, yamefungwa kwenye vikaratasi vilivyokunjwa. Mwalimu alitupeleka kwa mabroka, yaani madalali wa mawe, ambao nusu yao aliwafundisha darasa la nne. Wakifunua kikaratasi, moyo wangu unaruka. Sie wa mjini tukisema yakuti, au safaya kama wanavyoiita wao, tunafikiria buluu tu. Kumbe! Niliona za manjano kama asali mbichi. Niliona za kijani ya jani la chai, za waridi, moja ya rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Na buluu zenyewe haziko sawa: kuna ya wino, ya kiwingu, ya shingo ya tausi. Nyingine zilikuwa bado na vumbi la mto, kokoto tu machoni pa mpita njia, lakini unailowesha kwa ulimi, unaielekeza juani, na rangi inakujibu kutoka ndani. Wachimbaji wanazitoa kwenye changarawe za mto Muhuwesi na mito midogo ya huko, wanachekecha na kuosha siku nzima, na siku nyingine wanarudi na mikono mitupu.

Niliingiwa na wazimu. Nilimwita Bi Mwanaidi kila dakika. "Bibi, hii! Angalia ilivyotulia, haina doa! Bibi, hii nayo, rangi imeenea mpaka pembeni!"

Yeye anaishika, anaitazama kwa heshima, anairudisha.

"Nzuri. Siyo."

Jumanne ikaisha. Jumatano mchana nikaanza kuogopa, maana Alhamisi ilikuwa lazima turudi. Ndipo akaja kijana mmoja, Said, mwanafunzi mwingine wa mwalimu, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwenye mawe, kabla ya hapo alikuwa akiendesha bodaboda.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," wakaitikia pamoja.

"Nasikia mnatafuta ya kugeuka. Za kugeuka zinatokaga, bibi, lakini zikitoka tu wanunuzi wakubwa wanazibeba. Mie nina hii moja imeshakatwa. Haigeuki, nimeipiga tochi ya simu mara mia. Imekaa kwangu tangu mfungo, kila mtu anasema imepooza."

Akafunua karatasi. Ilikuwa na ukubwa wa punje ya mbaazi, imekatwa vizuri, safi, lakini buluu yake ilikuwa na ujivujivu, kama anga linalofikiria kunyesha. Bi Mwanaidi akaitazama kuliko alivyozitazama zote.

"Mchana, alikuwa hivi," akasema polepole.

Nikaipiga tochi ya simu yangu. Haikubadilika. Said akataja bei ndogo, akasema, chukueni mkaiangalie nyumbani kwa mwalimu, mkiipenda mnilipe, mie simwogopi mgeni wa mwalimu.

Nyumbani, Mama Neema, mke wa mwalimu, alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo kwenye kuni. Jiko lile lilikuwa la nje, kuta za udongo, kidirisha kidogo kama cha kutolea moshi tu. Nikaingia kumsaidia kushika sufuria, na jiwe nikiwa nalo mkononi. Aliponiambia nisogee, moto usiniunguze kitenge, nikafungua kiganja niliweke jiwe mfukoni.

Lilikuwa zambarau.

Sikuamini. Nikalisogeza kwenye moto. Zambarau iliyoiva, ile ya tunda, na ndani yake cheche nyekundu. Nikapiga kelele hata Mama Neema akaangusha mwiko.

"Bibi! Bibi Mwanaidi! Njoo!"

Akaja anakimbia, mtandio mkononi, akidhani nimeungua. Nikamwekea jiwe kiganjani mbele ya moto. Akalitazama. Akatafuta kigoda kwa mkono, bila kuondoa macho, akakaa.

"Yallah," akasema.

Tukatoka nalo juani: buluu. Tukarudi motoni: zambarau. Tukatoka, tukaingia, tukatoka, mama wa miaka sitini na kitu na mie, kama watoto wanaocheza kombolela, na Mwalimu Komba nyuma yetu anapiga makofi, ugali unaungua.

Ndipo nikang'amua, na kung'amua kwenyewe kuliniuma.

"Bibi, Kunduchi mnatumia taa gani?"

"Zile nyeupe ndefu, na samaki nakaanga mchana juani. Tulivuta umeme mwaka uleule mama aliofariki. Koroboi tukalitupa."

"Ni taa, bibi. Taa nyeupe na tochi za simu zinafanana na mchana, jiwe la namna hii haligeuki mbele yake. Linataka moto, au taa ya mwanga wa njano. Yakuti hakununa."

Akafungua fundo la khanga, akavitoa vile vipande viwili nilivyovipasua, akavipeleka kwenye moto. Vikageuka vyote viwili.

"Miaka yote hii nilidhani kaninunia mie," akasema. Akalia, na Mama Neema akakaa chini akamshika bega, na mie nikasimama pale na moshi machoni, nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, sikujua nitangulize ipi.

Alipojifuta, akasema, "Haya. Mwiteni Said."

Nikamvuta pembeni. Nasema ukweli wangu wote hapa, wanakwaya. Nilimnong'oneza, "Bibi, Said hajui. Tumlipe alichotaja, tuondoke. Akijua inageuka, tutaikosa."

Akanitazama kama siku ile ya Somanga.

"Wewe ulinificha siku tatu. Na mie ndiyo nimfiche mtoto wa watu?"

Said akaja. Bi Mwanaidi akamkalisha mbele ya moto, akamwekea jiwe lake mkononi. Kijana akaruka, akagonga kichwa kwenye boriti, akacheka, akakaa tena, akaligeuza na kuligeuza. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Bibi, ungenyamaza ungeondoka nalo kwa bei ya jiwe lililopooza."

"Najua."

"Sasa siwezi kulitoa kwa bei ile."

"Najua hilo pia, mwanangu."

Nikapeleka mikono masikioni. Zile hereni mnazoniulizia, za majani ya dhahabu, ndiyo kazi yangu ya kwanza kuimaliza kwa mkono wangu mwenyewe, sikuwahi kuzivua tangu hapo. Nikamwekea Said kiganjani, juu ya bei yake ya mwanzo.

"Una mchumba?" nikamuuliza.

Akazitazama muda mrefu. Akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Ninaye. Ila hatanielewa nimezipata wapi."

"Mwambie ukweli," akasema Bi Mwanaidi. "Ni rahisi kuliko mambo mengine."

Kurudi, na Kunduchi

Alhamisi tulirudi moja kwa moja. Kalavati lilikuwa limejazwa, Somanga tulipita bila kusimama, na mama wa kibanda alitupungia mwiko. Mwalimu Komba alitufungia mchele wa Tunduru, kilo nisizoweza kuzibeba, na akaomba radhi mara ya mwisho dirishani.

Ijumaa nilifunga mlango wa kibanda, sikupokea mteja. Nikaunga pete yote kwanza, nikaipasha, nikaiacha ipoe yenyewe mezani mpaka nikaweza kuigusisha shavuni. Ndipo nikaliweka jiwe na kukunja kucha za dhahabu juu yake, moja moja, nikibana pumzi. Ilinichukua tangu asubuhi mpaka alasiri, kazi ambayo nilikuwaga naifanya kwa saa moja.

Jumamosi asubuhi nikaenda Kunduchi. Nilitaka kumkabidhi pete mlangoni na kuondoka, lakini Bi Mwanaidi alinishika mkono akaniingiza chumbani, kati ya mashangazi, mawifi na majirani, na Saumu katikati yao na hina yake na macho yake makubwa ya mama yake.

Bi Mwanaidi akamvisha pete.

"Saumu, sikiliza. Pete ya bibi yako ilipasuka jiwe. Hili si lake. Lile nililihifadhi tu, sikuwahi kulifanyia lolote. Hili nimelifuata mwenyewe hadi Tunduru kwa miguu yangu, nimelichagua mwenyewe, na nimelia kwa ajili yake. Hili ni la kwangu mie. Ninakupa la kwangu."

Saumu akamkumbatia, na wanja wake wote ukaharibika, wakaanza kumkemea kwa furaha. Kisha yule binti akauliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu mlangoni.

"Mama, nani alilipasua?"

Bi Mwanaidi akageuka, akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa. Fundi wangu."

Nikasimama. Sikujua niweke wapi mikono. Wanawake wote wakanikagua toka kichwani hadi miguuni, na mie nikasema, "Ni kweli. Ni mie."

Shangazi mmoja wa bwana harusi, mama mnene aliyekaa karibu na dirisha, akaanza kuizungusha pete yake kidoleni. Ilimkaba, akailamba kidogo, akaivua.

"Fundi, hii yangu jiwe linacheza. Nitengenezee."

"Mama, umesikia nilichofanya? Naweza kulivunja."

"Ukilivunja si utanipeleka safari?" akasema. Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye akaniwekea pete yake kiganjani.